SAFARI YA MBITA: MIZIZI INAYOZUIA KIDUHA

Shamba la dada yangu liko mkoani Mara, wilaya ya Tarime, karibu na mpaka wa Kenya. Ni shamba la ekari moja na nusu. Zamani marehemu baba alilima hapo mtama na ulezi. Tulikula tukashiba, na kilichobaki tuliuza. Lakini mwaka 2023 dada alivuna madebe 5 tu ya mahindi katika shamba lote.

Nilifika kwake mwezi wa Juni mwaka huo, kabla ya mavuno. Mahindi yalikuwa mafupi, yananifika kiunoni. Majani yalikuwa yamejikunja na kuwa manjano, kama yenye kiu. Lakini mvua ilikuwa imenyesha vizuri. Katikati ya mahindi yale palikuwa na maua mengi ya rangi ya zambarau. Ukiyatazama kwa mbali, utadhani mtu amepanda bustani.

Maua hayo mazuri ndiyo adui. Ni gugu linaloitwa kiduha.

Dada aliniambia, "Mdogo wangu, shamba hili limechezewa. Tazama la jirani."

Nikatazama. Ng'ambo ya mpaka wa shamba kulikuwa na mihogo na viazi vitamu, imestawi vizuri. Lile lilikuwa shamba la bibi mmoja mjane, mzee sana, anayeishi peke yake. Dada aliendelea kusema kwa sauti ya chini. Alisema watu kijijini wanasema bibi yule amehamisha rutuba ya shamba letu na kuitia shambani kwake. Vijana wawili walikuwa wamekwisha kwenda kumtisha usiku.

Maneno yale yaliniogopesha kuliko kiduha. Ndugu msomaji, wewe unajua maneno ya namna hiyo huishia wapi. Wazee wengi wameumizwa, na wengine wameuawa, kwa sababu ya maneno kama hayo.

Nilikwenda kwa bwana shamba wa kata. Alinisikiliza, kisha akasema, "Adui yuko ardhini. Ukitaka kumjua, fika Mbita. Huko wamemchunguza miaka mingi."

NJIANI KWENDA MBITA

Niliondoka Tarime asubuhi kwa basi dogo hadi Sirari. Hapo ndipo mpakani. Nilionyesha hati yangu ya kusafiria, nikavuka upande wa Isebania. Kutoka hapo nilipanda gari la Migori. Tukapita Awendo, mahali penye mashamba makubwa ya miwa. Tukafika Rongo, kisha tukaelekea Homa Bay.

Homa Bay ni mji ulio ukingoni mwa ziwa. Ni ziwa letu lile lile la Viktoria. Kutoka hapo barabara inakwenda upande wa magharibi. Mkono wa kulia unaliona ziwa. Mkono wa kushoto ni vilima na mashamba madogo yenye mawe. Katika mashamba mengi niliona maua yale yale ya zambarau. Nilimwuliza abiria mwenzangu jina lake. Akajibu, "Sisi Wajaluo tunaliita kayongo. Hilo ndilo linalotumaliza."

Mbita ni mji mdogo wa wavuvi. Mbele yake kuna kisiwa cha Rusinga, na daraja linauunganisha mji na kisiwa. Ufukweni wanawake walikuwa wakianika dagaa. Huko dagaa huitwa omena. Harufu yake ni ile ile ya Musoma na Mwanza, nikajiona niko nyumbani.

Pembeni mwa mji kuna kituo cha utafiti wa wadudu. Ni tawi la shirika la kimataifa linaloitwa icipe, lenye makao makuu Nairobi. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1970 na Mkenya, Profesa Thomas Odhiambo. Tawi la Mbita limepewa jina lake.

KIDUHA NI NANI?

Mtaalamu mmoja alinipokea. Alikuwa kijana mpole, mwenye udongo mikononi. Alichukua karatasi nyeupe akamwagia kitu mfano wa vumbi la ugoro. Akasema, "Hizi ni mbegu za kiduha. Jaribu kuzihesabu."

Sikuweza. Mbegu moja ni ndogo kuliko chembe ya mchanga. Alinieleza kwamba mmea mmoja wa kiduha unaweza kutoa mbegu 50,000 au zaidi. Mbegu hizo hukaa ardhini zikiwa hai miaka 15, hata 20. Huchukuliwa na upepo, maji, jembe, kwato za ng'ombe na hata samadi. Mara nyingine huchanganyika na mbegu za mahindi tunazonunua sokoni.

"Basi mbona haziamki zote siku moja?" niliuliza.

"Zinasubiri kuitwa," alijibu.

Nilidhani anatania. Lakini alinieleza hivi. Mzizi wa mmea hautulii ardhini kama kamba. Mzizi hunyonya maji na chakula, na pia hutoa vitu. Hutoa utomvu mwembamba wenye kemikali nyingi. Kemikali hizo ni kama maneno. Mmea hauna mdomo, kwa hiyo husema kwa utomvu wa mizizi yake.

Mahindi yakikosa chakula ardhini hutoa kemikali ya kuita msaada. Huita kuvu. Kuvu hizo ni viumbe vidogo sana, lakini ni rafiki wa mmea. Zinaishi kwenye mizizi na kuiletea chakula kutoka mbali. Mwaka 2005 wataalamu wa Japani walionyesha kwamba kemikali hiyo ndiyo inayoita kuvu.

Tatizo ni kwamba kiduha nacho kinasikia wito huo. Mbegu ya kiduha iliyo karibu na mzizi wa mahindi huamka. Hutoa kijimzizi, kijimzizi kikashika mzizi wa mahindi na kuutoboa. Kuanzia hapo kiduha kinanyonya maji na chakula cha mahindi. Mahindi yanadhoofika hali wewe huoni kitu juu ya ardhi. Siku utakapokiona kiduha kimechomoza, kimekwisha kula wiki nyingi.

Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Nilikumbuka shamba la dada. Udongo wake umechoka. Kwa miaka mingi haujapata samadi. Mmea wenye njaa huita kwa nguvu zaidi, na kiduha huja kwa wingi zaidi. Ndiyo maana shamba maskini huumia kuliko shamba lenye rutuba.

Nikauliza tena, "Na mihogo je?"

Akacheka. "Kiduha hakiwezi kula mihogo. Chakula chake ni mahindi, mtama, uwele, ulezi, mpunga wa nchi kavu na miwa. Mihogo, viazi vitamu, maharage na pamba hakiwezi kuvinyonya."

Nilinyamaza kwa muda. Kumbe bibi yule hakuhamisha kitu chochote. Amepanda mihogo tu.

MMEA UNAOKIZUIA

Kesho yake mtaalamu alinipeleka kwa mama mmoja mkulima, nje ya mji. Mama huyo alitukaribisha kwa uji wa mtama, kisha akatutoa shambani.

Shamba lake lilikuwa na sehemu mbili. Sehemu ndogo ilikuwa na mahindi peke yake. Mahindi hayo yalikuwa kama ya dada yangu, mafupi na ya manjano, na maua ya zambarau yamejaa. Mama alisema, "Hapa nimeacha makusudi, ili wageni waone."

Sehemu kubwa ilikuwa na mahindi marefu, ya kijani kibichi. Katikati ya mistari ya mahindi kulikuwa na mmea unaotambaa, wenye majani matatu matatu kama ya maharage. Ulifunika ardhi kama mkeka. Nilitafuta kiduha katika mistari kumi, nikapata miche miwili tu.

"Mmea huu ni desmodiamu," mama alisema. "Ni jamaa ya kunde na maharage. Tunaukata tunawapa ng'ombe. Lakini kazi yake kubwa iko chini."

Aliinama akachimbua mzizi mmoja kwa kisu. Ulikuwa mwembamba, wa rangi ya kahawia. Sikuona ajabu yoyote. Ajabu yake haionekani kwa macho.

Mtaalamu alinieleza jinsi jambo hili lilivyogunduliwa. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Mbita walikuwa wakipigana na funza wa mabua. Kiongozi wao alikuwa Dakta Zeyaur Khan. Walishirikiana na wataalamu wa kituo cha Rothamsted cha Uingereza, akiwemo Profesa John Pickett. Walipanda desmodiamu katikati ya mahindi ili kuwafukuza nondo wanaozaa funza hao. Kisha waliona jambo ambalo hawakulitafuta. Kila mahali penye desmodiamu, kiduha kilipungua sana.

Wakajiuliza sababu ni nini. Je, ni kivuli cha desmodiamu? Au ni mbolea? Kwa maana desmodiamu, kama mimea mingine ya jamii ya kunde, hutia mbolea ardhini.

Hawakubahatisha. Walifanya majaribio. Walipanda desmodiamu katika vyungu, na mahindi yenye mbegu za kiduha katika vyungu vingine. Kisha walipitisha maji kwenye mizizi ya desmodiamu, na maji hayo yakatiririka hadi kwenye vyungu vya mahindi. Hapo hapakuwa na kivuli. Mimea haikugusana. Kilichofika kwenye mahindi ni maji tu, pamoja na utomvu wa mizizi uliomo. Hata hivyo kiduha kilipungua sana. Mwaka 2002 watafiti walitangaza matokeo hayo. Kivuli na mbolea husaidia kidogo, lakini silaha kubwa ni kemikali za mizizi.

Kemikali hizo zinafanya kazi mbili. Za kwanza huamsha mbegu za kiduha. Za pili huzuia kijimzizi cha kiduha kisikue. Kwa hiyo mbegu inaamka, inatoa kijimzizi, lakini kijimzizi hakifiki popote. Kiduha hakina akiba ya chakula. Kikikosa mzizi wa kunyonya, hufa baada ya siku chache.

Ni sawa na mwizi aliyeitwa usiku kwa jina lake. Akatoka mafichoni, akakuta mlango umefungwa, na kurudi alikotoka hawezi.

Kwa njia hiyo kila msimu akiba ya mbegu za kiduha ardhini inapungua. Ukiling'oa gugu kwa mkono, unaondoa lililotoka tu. Desmodiamu inayafuata yale yaliyolala chini.

MTAMA NAO UNA SILAHA

Jioni tulikaa na mkwe wa yule mama, mzee mwenye mvi. Alisikiliza habari zetu, kisha akasema, "Sisi hatukwenda shule, lakini tulijua mimea hugombana. Ukivuna mtama, usiharakishe kupanda kila kitu pale pale. Mimea mingine hukataa."

Mtaalamu akamwambia, "Mzee, umesema kweli."

Alituambia kwamba vinyweleo vya mizizi ya mtama hutoa matone ya mafuta mafuta. Ndani yake mna kemikali inayoitwa sorgoleoni. Wataalamu wa Marekani waliitambua mwaka 1986. Kemikali hiyo huzuia miche midogo ya magugu isitengeneze chakula chake. Ndiyo maana mtama uliokwisha kushika ardhi huweza kuyashinda magugu mengi. Katika nchi ya Pakistani, wakulima wengine huloweka mabua ya mtama, na maji yake huyanyunyiza shambani kupunguza magugu.

Lakini dawa hiyo ina upande wa pili. Mabaki ya mtama yanaweza kudhoofisha zao linalofuata, kama vile ufuta. Tena mtama unaofukuza magugu mengine, wenyewe humwita kiduha. Kila mmea una nguvu yake na udhaifu wake. Mkulima anapaswa kujua ni mmea gani unakaa na mwenzake kwa amani.

KURUDI NYUMBANI

Mama yule alitaka kunipa vipande vya desmodiamu nipeleke Tarime. Nilimshukuru, lakini sikuvichukua. Mimea na mbegu haipitishwi mpakani bila kibali. Udongo unaoshika kwenye mizizi unaweza kubeba magonjwa, na hata mbegu za kiduha zenyewe.

Nilirudi kwa bwana shamba wetu. Aliniambia kwamba wakulima wa Tanzania, Uganda na Ethiopia nao wamekwisha kuipanda. Alitutafutia mbegu.

Mwaka 2024, mvua za kwanza ziliponyesha, tulianza na nusu ekari. Tulipanda mahindi kwa mistari, nafasi ya sentimita 75 kati ya mstari na mstari. Katikati ya mistari tulichora mfereji mdogo kwa ncha ya fimbo. Mbegu za desmodiamu ni ndogo, kwa hiyo tulizichanganya na mchanga mkavu ili zisimwagike mahali pamoja. Tukazifukia kwa udongo kidogo tu. Kuzunguka nusu ekari ile tulipanda mistari mitatu ya majani ya tembo. Majani hayo huwavuta nondo wa funza wa mabua watoke kwenye mahindi. Kisha tukatia samadi iliyooza vizuri.

Sitaki kukudanganya, ndugu msomaji. Msimu wa kwanza ulikuwa mgumu. Desmodiamu changa hukua polepole. Mtoto mmoja wa dada aliidhani ni gugu, akapalilia mstari mzima. Tukapanda upya. Kiduha nacho kilitoka kama kawaida. Tuliking'oa kabla hakijatoa maua, tukakichoma. Watu walipita njiani wakicheka. Wakasema tumepanda magugu kufukuza magugu.

Wakati wa kiangazi mbuzi wa kijijini waliifuata desmodiamu, kwa sababu ni tamu kwao. Ilibidi tuweke uzio wa miiba. Tena shamba la desmodiamu halilimwi kwa plau kama mengine, maana mmea huo hukaa ardhini miaka mingi. Kabla ya kupanda mahindi mapya, huikata ikawa fupi, na kupanda kwenye mistari ile ile. Kwa mtu aliyekodi shamba kwa msimu mmoja, njia hii haimfai.

Msimu wa mwaka 2025 tuliona tofauti. Desmodiamu ilikuwa imefunika ardhi. Kiduha kilitoka hapa na pale, tukaking'oa kwa mkono kwa siku moja. Katika nusu ekari ile peke yake dada alivuna madebe 9 ya mahindi. Ekari iliyobaki, isiyo na desmodiamu, ilitoa madebe 4. Samadi ilisaidia pia, hatuwezi kukana. Mbuzi wake wawili walipata majani ya kula hata wakati wa jua kali.

JIRANI

Lakini jambo kubwa kuliko madebe lilitokea mapema zaidi. Lilitokea wiki ile niliyorudi kutoka Mbita.

Nilimweleza dada habari ya mihogo. Nilimwambia, "Dada, kiduha hakiwezi kula mihogo. Bibi hana kosa. Ungepanda mihogo, nawe ungestawi."

Dada hakujibu. Aliendelea kuchambua maharage. Asubuhi alichukua unga kidogo katika kikapu, akaniambia twende.

Bibi alikuwa amekaa mlangoni. Alipotuona alishtuka, akashika fimbo yake. Dada alipiga magoti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba," bibi alijibu, huku akitutazama mikononi.

Dada aliweka kikapu chini. Akasema, "Bibi, tumekukosea kwa maneno. Tatizo liko kwenye udongo wetu."

Bibi alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mimi pia nililima mtama hapa. Kiduha kilinishinda zamani, mama yenu akiwa hai. Ndipo nikapanda mihogo. Hakuna aliyeniuliza."

Hakuna aliyemwuliza. Maneno hayo yamenikaa moyoni hadi leo. Mtu aliyejua dawa alikuwa hatua hamsini kutoka shambani kwetu. Sisi tulimwogopa, hatukumwuliza.

Jumapili iliyofuata dada alisimama kwenye mkutano wa kitongoji. Alieleza mbele ya watu wote kiduha ni nini na kinatoka wapi. Alipita na mche mmoja wa kiduha, mizizi yake bado imeshika mzizi wa muhindi. Alichimbua taratibu ili isikatike. Watu waliona kwa macho yao. Vijana wale wawili walikuwapo. Waliinamisha vichwa.

Leo ekari iliyobaki dada ameigawa. Nusu ni mihogo, kwa mbegu alizopewa na bibi. Nusu nyingine anatayarisha kupanda desmodiamu.

Ndugu msomaji, ukiona maua ya zambarau katika mahindi yako, usimtafute mchawi. Chukua jembe, chimbua taratibu, utazame mizizi. Usiache kiduha kitoe mbegu. Rudisha samadi shambani. Badilisha mazao, upande mihogo, maharage au pamba. Mwulize bwana shamba wako kama desmodiamu inafaa kwenye udongo na mvua ya kwenu.

Na kabla ya kumlaumu jirani yako, kaa naye, mwulize yeye amepanda nini.